Mdogo wangu hali nguruwe, mbona ameanguka kifafa?

Swali: "Shikamoo daktari. Naishi Moshi, maeneo ya Pasua. Mume wangu ana kibanda cha chipsi, na kila Jumamosi lazima ale kitimoto. Mwezi uliopita aliona kwenye kinyesi vipande vyeupe bapa vilivyoungana vitatu vitatu, kama tambi pana. Duka la dawa walimpa kidonge kimoja cha minyoo, tukajua yameisha, lakini juzi vimetoka tena. Tunaishi na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 19, na huu ni mwaka wa tatu anamsaidia shemeji yake pale kibandani. Tangu Januari ameanguka mara mbili, mwili mzima unatetemeka, povu linatoka. Yeye ni Msabato kama tulivyolelewa nyumbani Same, nguruwe hajawahi hata kuonja. Mama mkwe anasema katupiwa kitu. Mimi nilisikia redioni kwamba nguruwe analeta minyoo ya kichwani, lakini huyu hali! Je, kuna uhusiano? Nimpe naye dawa ya tegu ili nipate amani?"

Marahaba, mama. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja: usimpe. Mdogo wako asimeze dawa yoyote ya tegu kabla hajapigwa picha ya kichwa na daktari kuisoma. Sababu nitaieleza huko mbele. Na kuhusu uhusiano, ndiyo, unaweza kuwepo. Kutokula kwake nguruwe hakumkingi kama unavyodhani.

Ulichokisikia redioni si uongo, ila kimeruka hatua moja katikati, na hatua hiyo ndiyo inayomhusu mdogo wako. Nimekutana na kosa hilo kwa wagonjwa, kwa walimu, hata kwa wahudumu wenzangu wa afya, na kila mara linawaacha watu wakichunga sahani huku hatari ikipita mahali pengine.

Tegu wa nguruwe huishi kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ile aliyoiona mumeo. Mtu anakula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, na ndani ya nyama hiyo kuna vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya mchele hadi wa harage dogo. Kifuko kikifika tumboni kinafunguka, na kichwa kilichokuwa kimejificha ndani yake kinatoka. Ni kidogo kama kichwa cha pini, kina vinyonyeo vinne na duara la ndoano. Kinajishikiza kwenye utumbo mwembamba na kuanza kuota pingili nyuma yake. Baada ya kama miezi miwili ni tegu kamili, urefu wake mita 2 hadi 7. Pingili za mwisho zikikomaa zinakatika na kutoka na haja kubwa, na pingili moja inaweza kubeba mayai 50,000. Mwenye tegu anaweza kukaa naye miaka bila kuumwa chochote. Labda tumbo linamsokota kidogo, labda njaa inamzidi, basi.

Mayai hayo sasa yapo chooni, au vichakani kama hakuna choo, au chini ya kucha za mtu ambaye hakunawa kwa sabuni. Nguruwe anayezurura akiyala, yanaanguliwa tumboni mwake, vijidudu vinatoboa ukuta wa utumbo, vinaingia kwenye damu na kwenda kutulia kwenye misuli. Huko vinakuwa vile vifuko vyeupe, na mzunguko unaanza upya kwa atakayeila nyama hiyo.

Lakini mayai yaleyale yakimezwa na mtu, yanafanya ndani yake kama yanavyofanya ndani ya nguruwe. Yanaanguliwa, yanaingia kwenye damu, yanatulia kwenye misuli, chini ya ngozi, kwenye jicho, kwenye ubongo. Hiyo ndiyo sura ya pili, na mtu huyo hana tegu tumboni hata kidogo. Amekaa mahali pa nguruwe katika mzunguko ule.

Kwa hiyo shika hili, mama, kwa sababu mengine yote ninayokuambia yanategemea hapa: nyama yenye vifuko humpa mtu tegu wa tumboni. Kinyesi cha mwenye tegu ndicho kinachompa mtu mwingine vifuko vya kichwani. Nyama yenyewe haina mayai. Mtu anaweza kuwa Msabato au Mwislamu aliyeshika dini yake tangu utoto na bado akapata vifuko, kwa sababu alichokula hakikuwa nguruwe, kilikuwa kachumbari.

Jambo hili lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alimlisha mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo vifuko vya nyama ya nguruwe bila yeye kujua, na baada ya hukumu kutekelezwa akamkuta na tegu wachanga kwenye utumbo. Kitendo hicho leo kisingekubalika kwa namna yoyote, na mimi sikitetei, ila ndicho kilichoonyesha kwamba kifuko na tegu ni mdudu mmoja. Ushahidi wa upande wa pili uliandikwa mwaka 1992 New York, Marekani. Wayahudi wa madhehebu yanayoshika sana sheria za chakula, ambao nguruwe kwao ni mwiko, walianza kuanguka kifafa na kukutwa na vifuko kwenye ubongo. Wachunguzi walipofuatilia walifika kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu wengi. Mmoja wao alikutwa na tegu, na wafanyakazi hao ndio walioonekana kuwa chanzo cha mayai. Nyama ya nguruwe haikuingia kamwe kwenye majiko yale.

Sina haja ya kwenda New York, maana kwetu kaskazini jambo hili linajulikana vizuri. Wilaya ya Mbulu, iliyokuwa mkoa wa Arusha kabla Manyara haijaundwa mwaka 2002, ni moja ya sehemu zilizochunguzwa zaidi nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipokagua ndimi za nguruwe huko, waliwakuta na vifuko nguruwe 17 hivi katika kila 100. Na katika hospitali ya Haydom, watu wenye kifafa walipopigwa picha za kichwa, karibu mmoja kati ya sita alikuwa na alama za vifuko hivi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu huyu ameenea, visa 30 katika kila 100 vya kifafa vinatokana naye. Kifafa ambacho sabuni na choo vingekizuia. Ukiwa umekaa na mgonjwa wa miaka 19 na mama yake, takwimu hiyo inauma.

Sasa turudi kibandani kwenu. Chipsi hazinisumbui, mafuta yanayochemka hayaachi yai la tegu likiwa hai. Kinachonisumbua ni kachumbari. Nyanya, kitunguu na kabichi vinakatwa kwa mkono na kuliwa vibichi, na pale mnapokata, mnaonja. Limau na siki havitoshi kuua mayai haya. Dawa ya klorini ya kutibu maji nayo usiitegemee kwa kazi hii. Mayai haya yanaweza kukaa hai kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi. Kinachoyaondoa ni maji mengi ya kutiririka na sabuni mikononi, na kinachoyaua kwa hakika ni moto.

Lakini usiende nyumbani kumwambia mumeo kwamba yeye ndiye aliyemwangusha mdogo wako. Hilo halijulikani. Kwanza bado hatujui kama kijana ana vifuko. Pili, vifuko hukaa kimya muda mrefu: askari wa Uingereza waliovipata India walianza kuanguka miaka kadhaa baadaye, wengi ndani ya miaka 7. Kama mdogo wako anavyo, huenda alivipata kwa mboga ya sokoni, kwa mkono wa mpishi wa shule ya bweni, au huko Same kabla hajaja kwenu. Na mumeo hakufanya kosa la makusudi. Alikula nyama, akapata mnyoo usiouma. Ukimtuhumu ataficha, na tunachohitaji kwake ni aende kupimwa.

Kwa nini basi nimekuzuia kutoa dawa? Kifuko kikiwa hai kwenye ubongo kinajificha, kinga ya mwili haikioni vizuri, na mtu anaweza kukaa nacho bila dalili. Shida inakuja kinapoanza kufa. Siri yake inavuja, kinga inakivamia, na eneo linalokizunguka linavimba. Uvimbe huo ndio unaochokoza ubongo na kuleta degedege la mtu mzima. Sasa fikiria kijana ana vifuko kumi vilivyotulia, nawe unampa prazikwanteli, ambayo huingia kwenye damu na kufika kichwani. Vifuko vingi vinaanza kufa kwa pamoja, vinavimba kwa pamoja, ndani ya fuvu ambalo halina pa kutanukia. Anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na anaweza kufa. Kama kifuko kiko ndani ya jicho, uvimbe unaweza kumpofusha. Dawa za kuua vifuko zipo na zinasaidia, lakini zinatolewa hospitalini, baada ya picha na baada ya jicho kuchunguzwa, pamoja na dawa za jamii ya steroidi za kuzuia uvimbe na dawa za kifafa. Na kuna wagonjwa ambao hatuwapi kabisa dawa ya mnyoo, ama kwa sababu vifuko vimekwisha kufa vikageuka kama punje za chokaa, ama kwa sababu ubongo umeshavimba sana. Hao tunawatibu kifafa chao tu.

Mpeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi. Eleza kila kitu kama ulivyonieleza, pamoja na habari ya pingili za mumeo, kwa sababu hilo ndilo litakalomfanya daktari afikirie vifuko na kuagiza picha ya CT. Usione aibu kulitaja. Mtu anayeanza kuanguka akiwa na miaka 19, bila homa na bila historia ya utotoni, anastahili picha hiyo hata kama hakuna mwenye tegu nyumbani. Inaweza kuonekana kitu kingine: kovu la ajali ya bodaboda aliyoisahau, uvimbe wa aina nyingine, au picha safi kabisa. Kifafa kina mama wengi. Akipewa dawa za kifafa, azimeze kila siku hata kama hajaanguka mwezi mzima, na asiziache siku moja kwa ghafla. Jambo moja nikuandae nalo: katika hospitali nyingi nchini wagonjwa wa kifafa huhudumiwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Familia nyingi zikiona kibao cha mlango ule zinageuza. Msigeuze. Ni utaratibu wa huduma tu, hakuna anayesema kijana amerukwa na akili.

Kuanzia leo, kabla hata ya hospitali, mtoe kwenye karai la mafuta. Akiangukia pale, kuungua kutamharibu zaidi ya kifafa chenyewe. Apange viazi, apokee pesa, ahudumie meza, lakini asikae karibu na moto. Asiendeshe pikipiki, asiende kuoga mto Karanga peke yake. Akianguka mlazeni ubavu, mwekeeni nguo laini chini ya kichwa, sogezeni vitu vigumu, na mtazame saa. Msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, na msimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni gari na hospitali hapohapo. Na povu lile halimwambukizi mtu kifafa. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona wagonjwa wenye makovu ya moto waliyoyapata wakiwa wamezungukwa na watu walioogopa kuwagusa.

Mumeo sasa. Kidonge kimoja alichopewa, ambacho huenda ni albendazoli, huwa kinafanya kazi nzuri kwa chango na safura, lakini kwa tegu dozi moja haitoshi. Mara nyingi pingili za nyuma zinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania, na baada ya wiki kadhaa tegu ameota tena. Ulivyoeleza vipande vimeungana vitatu vitatu na kutoka na kinyesi, inanielekeza kwa tegu wa nguruwe. Tegu wa ng'ombe, ambaye kwetu watu humpata kwenye nyama choma yenye damu ndani, pingili zake hutoka moja moja na mara nyingi hutambaa zenyewe hadi kwenye nguo ya ndani. Huyo hana tabia ya kwenda kichwani. Lakini maelezo hayatoshi kuamua, na hata mayai hayasaidii, kwa maana chini ya darubini mayai ya tegu hawa wawili yanafanana. Inayoamua ni pingili. Mtaalamu wa maabara huibana katikati ya vioo viwili na kuhesabu matawi ya mfuko wa mayai: yakiwa machache, saba hadi kumi na tatu hivi, ni wa nguruwe, yakizidi kumi na tano ni wa ng'ombe.

Naye amweleze daktari kama ana maumivu ya kichwa ya mara kwa mara, kama macho yanamsumbua, kama kuna vinundu chini ya ngozi, kama amewahi kuzimia. Mwenye tegu anaweza kumeza mayai yake mwenyewe kwa mikono yake, hivyo tahadhari niliyoisema kwa mdogo wako inamgusa hata yeye. Ndiyo maana pale panapokuwa na shaka daktari anaweza kuchagua niklosamidi, ambayo hubaki tumboni na haiingii kwenye damu. Baada ya matibabu apimwe choo tena baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 3. Mpaka hapo mkono wake usikate kitu kitakacholiwa kibichi. Kazi hiyo ishike mwingine, mwenye kucha fupi na sabuni karibu.

Wewe na watoto pia pelekeni choo maabara. Hakuna haja ya hofu, ni kipimo cha kawaida. Wengi wetu tunajisafisha kwa maji, jambo zuri, lakini linadai sabuni papo hapo, kwa hiyo ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni viwe mlangoni mwa choo, visiwe jikoni.

Kitimoto sijakikataza. Sehemu kubwa ya nguruwe wa vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, hufungiwa bandani, na nguruwe asiyetoka na asiyefikiwa na kinyesi cha mtu hawezi kupata vifuko. Tatizo ni kwamba mlaji hajui nguruwe wa Jumamosi alitoka wapi. Aulize kama nyama ina muhuri wa mkaguzi, na aikatae ikiwa na vipunje vyeupe vyenye maji. Vipande viwe vidogo, vichemke au vikaangwe hadi ndani kusiwe na wekundu. Mshikaki mnene uliobabuka nje na kuwa na damu katikati ndio ninaouogopa. Wafugaji wamepata silaha mpya: ipo dawa ya oksifendazoli, dozi moja inayopimwa kulingana na uzito wa nguruwe, inayoua vifuko kwenye misuli, na ipo chanjo ya nguruwe iliyojaribiwa hata vijijini kwetu Tanzania. Mwenye banda amwulize bwana mifugo wa kata, na azingatie siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Kwa mama mkwe, usibishane naye. Mwambie unampeleka kijana akapigwe picha ya kichwa ili mjue kilichomo, na kama anataka kuombea, aombee njiani kwenda hospitali. Wazee wengi niliowaona wamekubali kirahisi walipoonyeshwa wenyewe kivuli cheusi cha mviringo kwenye picha, chenye kitone cheupe ndani ambacho ndicho kichwa cha mnyoo. Mwombe daktari amwonyeshe.

Na kwa kesho asubuhi: tafuta kikopo safi chenye mfuniko, tia maji kidogo. Mumeo akiona kipande, akichukue kwa kijiti, asikiguse kwa mkono, akitie humo na kufunika. Kijiti kitupwe chooni. Anawe kwa sabuni, kisha aende nacho maabara siku hiyohiyo, kabla ya kufungua kibanda.